Tulivyoanza programu na watoto wa Pasua: micro:bit, Kibo na banda la vifaranga

Wazazi wakiwa wamekaa kwenye benchi wanasubiri niwatengenezee simu zao, swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: mwanangu ana miaka minane, tisa, anaweza kuanza kujifunza kuandika programu? Kabla sijajibu linafuata la pili: ina maana nimnunulie laptopu?

La kwanza nalijibu bila kusita. Anaweza. La pili nalijibu kwa kufungua droo na kumwekea mzazi mkononi kikompyuta cha bodi moja chenye ukubwa wa sentimita 4 kwa 5, ambacho kinaitwa micro:bit. Laptopu inahitajika, lakini moja tu kwa watoto wengi, na hata iliyozeeka inatosha. Mtoto anachohitaji kuwa nacho mkononi ni hicho kidogo.

Mimi ni fundi simu na redio hapa Moshi. Kibanda changu kiko jirani na soko la Mbuyuni, na nyumbani ni Pasua. Sijasomea ualimu. Ufundi nimefundishwa na marehemu baba, aliyekuwa akinikalisha pembeni yake na redio mbovu na kuniambia, "Usiifungue kwanza. Isikilize." Jumamosi mchana nikifunga kibanda narudi nyumbani, na watoto wa mtaani wanakuja kwenye kibaraza changu, wakiongozwa na mtoto wa kaka yangu anayesoma darasa la tano. Nimeona waliyoyafanya na nimeona wanavyobadilika, ndiyo maana naandika.

Bodi yangu ya kwanza niliachiwa na mteja, kijana wa Kiingereza aliyekuwa akijitolea hapa mjini. Alikuja na simu iliyoingia maji. Tukiwa tunasubiri ikauke akatoa begi lake, akanionyesha kitu alichogawiwa shuleni akiwa na miaka kumi na moja. Kwao waligawiwa wote. BBC waliitangaza bodi hiyo mwaka 2015, na mwaka uliofuata zikaanza kusambazwa bure kwa wanafunzi wa umri huo Uingereza, karibu milioni moja. Alipomaliza muda wake akaniachia. Nyingine tulichanga wazazi kadhaa tukaziagiza nje, maana madukani hapa huikuti.

Ukiitazama mbele, kuna taa ndogo nyekundu 25, mistari mitano ya taa tano tano. Kushoto na kulia kuna vitufe viwili, A na B. Chini, ukingoni, kuna vipande vya rangi ya dhahabu vyenye matundu makubwa matano yaliyoandikwa 0, 1, 2, 3V na GND, ambako mtoto anaweza kubana waya kwa klipu zenye meno bila kushika pasi ya kuchomea. Igeuze nyuma uone prosesa (chipu ambayo ndiyo ubongo wake), tundu la USB, tundu la betri, kihisi cha mtikisiko na dira. Toleo la pili, lililotoka mwaka 2020, limeongezewa spika na maikrofoni. Kila kitu kiko wazi na kimeandikwa jina pembeni yake. Simu za leo zimegandishwa kwa gundi kiasi kwamba hata mimi naingia kwa hita. Mtoto atajuaje ndani kuna nini? Hapa anakiona.

Kuna jambo lingine linalonigusa kama fundi. BBC walishawahi kufanya kitu cha namna hii mwaka 1981, walipotoa kompyuta ya BBC Micro iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge, ili watu wa kawaida wajifunze kompyuta. Katika kampuni hiyohiyo Sophie Wilson na Steve Furber walisanifu prosesa ya ARM, na ya kwanza ikawaka mwaka 1985. Karibu simu zote ninazozifungua mezani kwangu leo zina prosesa za ukoo huo. Micro:bit nayo ni ya ukoo huo. Basi huwa nachukua simu iliyokufa, nang'oa kinga ya bati, nawaonyesha watoto chipu kubwa ya katikati, halafu nawaonyesha ile ndogo ya kwenye bodi yao. Nawaambia, hawa ni ndugu. Wanazigusa zote mbili kwa kidole. Baada ya hapo mtoto haoni tena simu kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni.

Siku ya kwanza, hata hivyo, bodi haitoki kwenye droo. Nachora miraba kwa chaki kwenye sakafu ya kibaraza, naweka ndoo mahali na gunzi mahali. Mtoto mmoja anakuwa mashine. Mwingine anaandika amri kwenye karatasi, na amri zinazoruhusiwa ni nne tu: nenda hatua moja, geuka kulia, geuka kushoto, okota. Anayekuwa mashine haruhusiwi kusaidia. Akiambiwa nenda hatua moja na mbele yake kuna ndoo, anaigonga ndoo. Vicheko vinavyotoka hapo vinawaleta hata watoto waliokuwa wanacheza mpira barabarani. Lakini angalia uso wa yule mwandishi: anarudi kwenye karatasi yake, anafuatilia mstari kwa mstari kwa kidole, mpaka anaupata ule uliomwangusha mwenzake.

Binti mmoja wa darasa la tatu alichoka kuandika "nenda hatua moja" mara nyingi, akaniuliza, "Fundi, naweza kuandika mara sita?" Nikamwambia andika. Baadaye akauliza kama anaweza kuandika "endelea mpaka ukute ndoo". Alikuwa ameshafika kwenye marudio na masharti, na umeme haujaguswa. Mtu aliyeliona hili zamani sana ni Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, aliyekuwa miongoni mwa waliobuni Logo, lugha ya kuandikia programu, mwaka 1967 kule Marekani. Watoto waliiamuru roboti inayoitwa kobe itembee sakafuni na kuchora, na walipokwama waliambiwa wajifanye wao ndio kobe, watembee wenyewe. Mwili unajua mambo ambayo mdomo haujaweza kuyasema.

Tunapofika kwenye kompyuta, tunatumia MakeCode, tovuti ya kupangia programu, ambayo ni ya bure. Mtoto anavuta vipande vya rangi na kuvipachika: vya buluu ni vya kuonyesha picha na maandishi, vya kijani ni vya kurudia, na kadhalika. Kushoto pana picha ya bodi inayofanya yale yale aliyoyapanga, kwa hiyo hata asiye na bodi anaweza kujaribu. Intaneti ikishaufungua ukurasa mara moja unaweza kuendelea kufanya kazi nao hata bando likiisha, na ipo programu ya kuweka kabisa kwenye Windows. Akimaliza anapakua faili, anaikopi kwenye bodi, ambayo kompyuta inaiona kama flashi yenye jina MICROBIT. Kitaa cha nyuma kinapepesa kidogo, kisha programu inaanza yenyewe.

Moyo unaodunda, jina linalopita kwenye taa, dadu ya kuchezea ludo inayotoa namba ukiitikisa: hayo wanayamaliza haraka na sitayachelewesha hapa. Ni mazuri kwa kuzoesha vidole. Lakini kwa maoni yangu kozi nyingi za watoto zinaishia palepale, na hapo ndipo ninapotofautiana nazo. Mzazi mmoja aliniletea mwanawe akiwa na cheti chenye muhuri, ametoka kozi ya likizo ya kulipia. Nikamwekea bodi, nikamwomba abadilishe moyo uwe nyota. Akanitazama. Walikuwa wamenakili alichofanya mwalimu kwenye projekta, kipande kwa kipande, na mwalimu alipozima projekta kila kitu kikaondoka naye. Mtoto yule hana upungufu wowote, baada ya muda mfupi alikuwa anachora nyota, mamba na bendera. Alikuwa hajawahi kuulizwa tu, "Wewe unataka ifanye nini?"

Hilo ndilo swali langu la kila Jumamosi. Na naliongezea la pili: nyumbani kwenu kuna kero gani?

Jibu la kwanza lililonifurahisha lilihusu mlima. Wakati wa mawingu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hauonekani siku nzima, na mjomba wa mtoto mmoja hupeleka wageni kutembea Rau na Materuni. Wageni wanamuuliza kila mara mlima uko upande gani. Sasa, bahati yetu watu wa Moshi ni kwamba Kibo uko karibu kaskazini kabisa mwa mji. Dira ya bodi ikijua kaskazini, imejua Kibo. Mtoto akapanga: kama nyuzi zinakaribia sifuri au 360, onyesha picha ya mlima, vinginevyo onyesha mshale wa kuzungukia. Kabla ya kutumia dira, bodi inakutaka uiinamishe huku na huku mpaka taa zote zijae, na watoto wote waliokuwepo wakawa wanayumba pamoja nayo.

Kibarazani ikafanya kazi vizuri. Akaileta kibandani kwangu kunionyesha, ikaelekeza mlima upande wa kituo cha daladala. Akakasirika kabisa. Nikamuuliza, meza yangu ina nini? Akaanza kutaja: pasi, mita, simu, spika za redio. Akanyamaza, akaisogeza bodi mbali na spika, mshale ukarudi. Akaisogeza karibu tena, ukapotea. Alikaa pale akipeleka na kurudisha mpaka wateja wakawa wanamtazama. Sumaku ya spika ameijua siku ile kwa namna ambayo hataisahau, na mimi sikusema neno zaidi ya swali moja.

Lakini kazi ninayotaka kuieleza kwa kirefu ni ya vifaranga.

Mama wa mtoto mmoja hapa mtaani anafuga kuku wa nyama. Anachukua vifaranga boksi la mia, wanafika wakiwa wa siku moja, na wiki ya kwanza ndiyo ya kupata au kukosa. Wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 pale walipo, kisha linapunguzwa kama nyuzi tatu kila wiki mpaka manyoya yatoke. Anatumia taa nyekundu ya joto. Umeme ukikatika saa nane usiku na yeye amelala, asubuhi anakuta wamelaliana kwenye kona na wa chini wamekufa. Mwanawe, mvulana wa darasa la sita, alisema hivyo kwa sauti ndogo nilipouliza kuhusu kero. Wenzake wakanyamaza, kwa sababu karibu kila nyumba pale inafuga.

Micro:bit ina kipimajoto ndani ya prosesa. Kazi ikaonekana rahisi: ikiwa joto liko chini ya 30, onyesha uso wa huzuni; vinginevyo uso wa furaha. Aliipanga haraka, akaipeleka bandani, akarudi mbio: "Fundi, inadanganya." Kipimajoto cha mama yake, kile cha kununua duka la dawa za mifugo, kilisema 31. Bodi ilisema 34. Hapo nikawaita wote. Nikawauliza, kipimajoto cha bodi kiko wapi? Ndani ya chipu. Chipu ikifanya kazi inakuwaje? Wengine wakaweka kidole juu yake. Inapata joto lake yenyewe. Kwa hiyo namba inayotoka ni ya chipu, nayo inazidi ya hewa kidogo. Tukaweka bodi na kipimajoto pamoja, mahali penye joto na mahali pa baridi, mvulana akaandika namba kwenye daftari safu mbili. Tofauti ilikuwa ikicheza palepale kwenye tatu. Akaongeza kipande kimoja: toa 3. Nimeona watu wazima wanaoamini namba yoyote ikishatoka kwenye mashine. Huyu hataamini kabla hajapima kwa kingine.

Tatizo la pili lilijitokeza jioni. Joto lilipokuwa linachezea 30, uso ukawa unabadilika kila mara, furaha, huzuni, furaha, huzuni, mpaka huwezi kujua unaambiwa nini. Wakabishana sana. Mmoja akataka ipimwe mara moja kwa dakika, mwingine akataka ifutwe kabisa. Aliyelitatua ni binti wa darasa la tatu, yule wa ndoo. Alisema isihuzunike mpaka ishuke chini ya 30, na ikishahuzunika isifurahi mpaka ipite 32. Katikati ya hapo ibaki ilivyokuwa. Nikatoka nje kidogo. Pasi ya nguo ya umeme na friji vinafanya kazi kwa akili hiyohiyo, na yeye aliifikia akiwa amekaa sakafuni na kipande cha muwa mdomoni.

Kisha mvulana akagundua kwamba namba zake hazitoshi. Wiki ya pili 30 ni nyingi mno. Akamuuliza mama yake, na hapa ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitegemea. Yule mama alikaa kwenye kigoda bandani akaanza kumfundisha mwanawe. Wakisongamana chini ya taa wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kufungua midomo wamezidiwa na joto. Wakitawanyika wanadonoa huku na huku, wako sawa, hata kipimajoto kikisema vingine. Alikuwa na elimu ya miaka mingi ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Mvulana akaiandika, akapanga kitufe A kishushe kiwango kwa nyuzi moja na B kikipandishe, ili mama akiangalia vifaranga wake aweze kubonyeza mwenyewe. Mama anabonyeza. Hajui kipande kimoja cha MakeCode, lakini programu ile ina maarifa yake ndani.

Mwisho ikaja redio. Bodi hizi zinaweza kutumiana ujumbe zenyewe, bila simu wala intaneti, mradi zimewekwa kwenye kundi lenye namba ileile, kati ya 0 na 255. Bodi moja ikakaa bandani ndani ya kopo la plastiki lililotobolewa, kwa sababu vumbi la maranda linaingia kila mahali, ikitumia betri zake. Nyingine, ya toleo la pili, ikakaa chumbani kwa mama. Ya bandani ikihuzunika inatuma, ya chumbani inalia. Na kwa sababu ya bandani inakula betri, umeme ukikatika yenyewe haikatiki. Watoto wakauliza swali la haki: je, betri ikiisha usiku? Wakakubaliana kwamba ya bandani itume "nipo" kila dakika, na ya chumbani ikikosa kuisikia kwa dakika tano, ilie vilevile. Sikuwafundisha hilo. Ni hofu yao juu ya vifaranga iliyowafundisha.

Usiku ulipokatika umeme, bodi ikalia, mama akaamka, akawasha mkaa nje mpaka moshi ukaisha, akaingiza chungu bandani na kufungua upenyo wa juu ili hewa ipite. Asubuhi mvulana alikuja kibandani kabla ya shule kuniambia. Shikamoo yenyewe aliisahau.

Sasa niseme mambo ya kifundi, kwa mzazi au mwalimu anayetaka kuanza.

Waya. Bodi inatumia tundu la micro USB, lile la simu za zamani, kwa hiyo waya zimejaa mitaani. Lakini waya nyingi za bei ya chini zina nyaya mbili tu ndani, za chaji, bila zile mbili za kupitisha data. Bodi itawaka, kompyuta haitaiona, na mtoto atadhani ameiharibu. Jaribu waya kwanza kwa kuhamisha picha kutoka kwenye simu. Ukipita, uwekee alama ya rangi ya kucha na usiuazime kwa mtu.

Betri. Zinatakiwa mbili ndogo za rimoti, AAA, ambazo kwa pamoja ni volti 3. Watoto wa fundi, na watoto wanaoshinda kwa mafundi, watataka kufunga betri ya simu. Betri ya simu ikijaa inafika volti 4.2, na hiyo inazidi kiwango cha bodi. Hapa nakuwa mkali. Vilevile hakuna chochote cha umeme wa ukutani kinachounganishwa na bodi hii, hata iwe taa moja, hata mtoto awe hodari namna gani. Na bodi haiwekwi juu ya bati au meza ya chuma ikiwa inawaka, itapiga shoti kwa mgongo.

Idadi. Watoto watatu kwa bodi moja wanatosha: mmoja anashika mausi, mmoja anasoma programu kwa sauti, mmoja anashika bodi na kuandika daftarini. Wanabadilishana kila kazi ndogo ikiisha. Msipoweka utaratibu huo, wavulana wakubwa watashika mausi mpaka jua linazama na wasichana watabaki kuangalia. Nimeliona hilo, na tangu tuweke zamu, kazi nzuri zinatoka kila upande. Huyu anayesoma kwa sauti mtu asimdharau. Makosa mengi wanayakamata masikioni kabla ya kuyaona.

Lugha. Wengi wa watoto hawa wako shule za msingi za serikali, wanasoma kwa Kiswahili, na vipande vya MakeCode tunavyotumia vina maneno ya Kiingereza. Haijatusumbua kama nilivyohofia. Programu inasemwa kwanza kwa Kiswahili, inaandikwa daftarini, ndipo wanatafuta kipande cha rangi fulani kinachofanya hivyo. Mtoto anayejua anachotaka anakipata kipande hata kama hajui kukitamka. Asiyejua anachotaka hata Kiingereza kizuri hakimsaidii.

Na jambo moja kwako mzazi: usimshikie mausi. Naelewa inavyouma kumwangalia mtoto anatafuta kosa ambalo wewe umeshaliona. Weka mikono mfukoni. Muulize, "Ulitegemea ifanye nini? Imefanya nini?" Kisha nyamaza kwa muda mrefu kuliko unavyopenda. Sisi mafundi mkate wetu wote unatoka kwenye kutafuta kosa. Simu nzima haiji kibandani. Mtoto anayejifunza kwa utulivu kutoka kwenye kosa mpaka chanzo chake ana kitu cha kumfaa hata akiwa daktari au dereva wa roli.

Hivi sasa tumehamia kwenye maji. Babu wa mmoja wao anaishi Kibosho, ana kihamba cha migomba na kahawa, na maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili, anayapata kwa zamu. Zamu ikifika anamwagilia chote kwa sababu hajui upande gani umekauka chini. Watoto wamechomeka misumari miwili kwenye udongo, mmoja kwenye 3V na mwingine kwenye tundu la 0, na bodi inasoma namba kati ya 0 na 1023. Udongo mbichi unapitisha umeme zaidi, namba inapanda. Wamejaribu kwenye makopo matatu kibarazani: makavu, ya unyevu, ya tope. Inafanya kazi.

Isipokuwa msumari mmoja umeanza kuliwa na kuwa mweusi, na namba zinashuka hata udongo ukiwa mbichi. Nimewauliza kwa nini msumari ulio chini ya bati la choo unakaa miaka na huu umekwisha mapema. Wakasema maji. Nikawaambia na choo kina maji. Mtoto wa kaka yangu akafikiri mpaka jioni, akaja jikoni: "Shangazi, huu unapitiwa na umeme muda wote." Basi Jumamosi hii wanautoa ule msumari kwenye 3V na kuuhamishia kwenye tundu la 1, ili programu iliwashe tundu hilo pale tu inapotaka kusoma, na kulizima mara moja. Misumari mipya nimeshanunua.